Moto ya Watu Ishirini

Nyinyi wazima moto mmebaki huko juu mlimani Kajulu na fyekeo mkononi, hii maneno ni yenu. Kila kiangazi mlikuwa mnaniuliza, "Baba Okelo, miaka hiyo yote ulifanyaje na hata nyusi haijaungua?" Nyusi iliungua. Hizi mnaona ni za nne, na za tatu ndio zilikuwa nzuri.

Nitawaambia vile ilikuwa, na mnanijua, mahali pengine nitaongeza chumvi. Lakini kuna mahali moja sitaongeza hata chembe. Mnasikia watu wakisema Mzee Obade, baba ya Achieng' wetu, alikufa kwa mlima kwa sababu alisoma upepo vibaya. Hata ripoti inasema hivyo. Mzee Obade hakukosea upepo. Kosa ilikuwa yangu, na nilinyamaza nayo mpaka siku narudisha yunifomu. Hiyo ndio nataka mjue. Hizi zingine ni za kuwafikisha hapo.

Cheo na mshahara naruka. Cheo haikuwahi kunipata nyumbani, na mshahara haina hadithi.

Nilianza nikiwa kijana wa Nyalenda. Kwetu ni Nyakach, lakini njaa ilikuwa imenileta mjini, nikawa nasukuma mkokoteni ya maji. Shule niliipitia kwa nje tu, nikipeleka ng'ombe mtoni. Mwaka huo oro ilikuja kali, ile kiangazi yetu ya Januari mpaka Machi. Jua ilikuwa inapika yai ikiwa bado ndani ya kuku. Mijusi zilikuwa zinatembea kwa vidole viwili viwili. Mimi mwenyewe niliona kivuli yangu ikiingia kwa kibanda ya mama wa mandazi, ikakaa huko, ikaniacha barabarani peke yangu. Na ukisimama Kondele huko mjini ukiangalia juu, mlima yote imekuwa rangi ya ngozi ya simba, na hapa na pale moshi inapanda.

Mtu akaniambia kuna mahali huko juu wanatafuta watu wa kufyeka nyasi. Nikafikiri ni mambo ya bustani.

Steshoni yetu ilikuwa vile iko leo, nyumba ya mabati na tangi ya maji nyuma. Nikapata mzee mfupi amekaa kwa ndoo ananoa fyekeo. Huyo ndio alikuwa Mzee Obade. Alikuwa mfupi mpaka akiingia kwa nyasi ya Februari unaona tu kofia inatembea. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka miguu. Nilikuwa nimevaa gamubuti.

"Unaitwa nani?"

"Okelo, Mzee. Mimi Janyakach."

"Unaweza kukimbia, Janyakach?"

"Mzee, naweza kutoka hapa saa hii nifike Luanda Kotieno kabla feri iondoke."

"Sijauliza umbali. Moto ikikufuata, unakimbilia wapi?"

"Mbali na moto."

"Utakufa," akasema, kama mtu anasema chai imeiva. "Unakimbilia mahali imeungua tayari. Kwa nyeusi. Hapo hakuna kitu moto inataka tena. Na hiyo gamubuti toa."

Sikutoa. Saa nane mchana zilikuwa zimeyeyuka, nyayo imeshikana na mawe, na mimi nilirudi Nyalenda nimevaa soksi na aibu. Kesho yake Mzee alinipa buti ya ngozi, kuukuu, kubwa kuliko miguu yangu mara mbili. Hiyo ndio shule niliingia.

Alinifundisha na mikono. Tawi ya kupigia moto ni ya mti ya powo, kwa sababu inapinda haivunjiki. Usiipige moto kama unapiga nyoka, ukiinua tawi juu ya bega unapanda cheche kila mahali kama mtu anapanda mbegu ya wimbi. Unaifunika, unaibonyeza, unaivuta ielekee nyeusi. Pampu ya mgongo ni ya kumalizia visiki, si ya kupigana. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Na usichukie mtu amechoma. Watu wetu wamechoma mlima tangu zamani, nyasi kuukuu ikiungua, mvua ikigusa, ng'ombe anapata majani laini. Zamani lakini mtu alikuwa anapitia kwa majirani: kesho nachoma upande wangu, mje na matawi. Siku hizi mtu anachoma halafu anazima simu.

Kitu kubwa alinifundisha ni ziwa. Asubuhi upepo yetu inatoka mlimani inashuka kwa maji. Karibu saa sita inageuka, inatoka ziwani inapanda. Moto ile ilikuwa inatambaa kama kobe asubuhi, upepo ya ziwa ikiishika inapanda mlima kwa mbio. Sasa utajuaje imegeuka kabla ikufikie? Mzee alinipeleka kwa lile Jiwe kubwa tunalindia, akaniketisha, akanionyesha ziwa huko chini, imelala kama bati mpya.

"Angalia mbali, huko mwisho," akaniambia. "Ukiona bati imeanza kuwa nyeusi kutoka huko, upepo imeingia kwa maji. Kutoka hapo uko na wakati ya kuchemsha chai na kuinywa ikiwa bado moto. Bati ikiwa nyeupe, wewe fyeka. Bati ikiwa nyeusi, wewe ingia kwa nyeusi."

Nilikaa kwa hiyo Jiwe miaka yote. Ziwa haikuwahi kunidanganya hata siku moja. Hapo siongezi chumvi.

Baadaye nikawa mimi ndio macho. Nakaa kwa Jiwe na redio ya mkono, naona moshi, naita steshoni. Na mnajua kazini kwetu moto hatupimi kwa ekari. Tunapima kwa watu. Moto ya watu wanne. Moto ya watu kumi. Unaangalia urefu wa laini ya kufyeka, ule mstari wa kutoa nyasi ndio moto isipite, unaangalia saa imebaki kabla upepo igeuke, unajua ni mikono ngapi. Hiyo hesabu Mzee Obade alikuwa anafanya akiangalia tu, bila kukunja kidole.

Mimi pia nilikuwa naijua. Shida ilikuwa mdomo. Naona moto ya watu kumi, hesabu inatoka kichwani ikiwa kumi, ikipita kwa koo inakula inanenepa, ikifika kwa redio ni ishirini. Naona ya kumi na tano nasema thelathini, na ndimi za moto zinagonga ndege ya Nairobi. Vijana wa steshoni wakaniita Mara Kumi. Nilipenda hilo jina, wacha niseme ukweli. Mtu wa Nyalenda akipewa jina si ameonekana?

Bosi wetu wakati huo alikuwa Kimani, mtu wa kutoka Nyeri, wa utaratibu, alikuwa anapiga pasi mpaka yunifomu ya kuzima moto. Wiki ya kwanza alimuuliza Mzee Obade mbele yangu, "Huyu mtu wako akisema arobaini, mimi nitume ngapi?"

Mzee akasema, "Gawa mbili."

Tukacheka wote. Na ikawa kawaida ya steshoni. Hakuna mahali iliandikwa, lakini kila mtu alijua: Okelo akisema, gawa mbili. Na ilifanya kazi! Nasema thelathini, Kimani anatuma kumi na tano, moto inakufa, tunakaa chini tunakula nyoyo, mahindi na maharagwe. Kiangazi baada ya kiangazi.

Mpaka siku ya nyungu. Kulikuwa na mama mmoja anakaa juu ya mteremko wa mashariki, Mama Rusina, anafinyanga nyungu. Mguu moja ilikuwa imekufa, alikuwa anatembea na kiti, anaisukuma mbele anaegemea. Asubuhi moja naona moshi kwake, nyeupe, nzito, inapanda kama nguzo ya hekalu. Mimi nikashika redio. "Bosi, hii si moto, hii ni siku ya mwisho. Watu sitini!" Kimani akagawa, akatafuta thelathini. Sisi hatukuwa thelathini, kwa hivyo akachukua lori akapita Kondele akaokota watu wa boda boda, watu wa kubeba mizigo, hata fundi moja wa viatu na nyundo yake. Wakapanda wote wakihema. Wakampata Mama Rusina amekaa kwa kiti anachoma nyungu zake na nyasi na mavi ya ng'ombe, vile mamake alichoma na mama ya mamake.

Akawaangalia na matawi yao. "Thelathini?" akasema. "Leo nimeuza."

Steshoni walicheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka, lakini ile ya meno tu. Kimani hakucheka. Alinisimamisha mbele ya watu wote, na wale wa kuokotwa bado wako hapo.

"Wewe Okelo, siku moja utaniua na hizi hesabu zako. Nimeleta mpaka fundi wa viatu!"

"Bosi, kwa Jiwe ilionekana..."

"Hapana. Sema kitu unaona. Kitu unaona tu. Huwezi?"

Mzee Obade alingoja watu waondoke. Akaja karibu, akasema polepole, "Janyakach, moto haihitaji msaada yako ili ikuwe kubwa." Basi. Akaenda kunoa fyekeo. Afadhali angenipiga.

Kutoka siku hiyo niliapa hakuna mtu atanicheka tena. Na hiyo kiapo ndio ilimuua.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa Februari, saa mbili asubuhi, mimi niko kwa Jiwe. Kuna mtu kwa mteremko wa mashariki alikuwa amechoma nyasi ya ng'ombe, ikamtoroka. Upepo ilikuwa ya asubuhi, kwa hivyo moto ilikuwa inashuka nayo polepole kuelekea mawe ya chini. Mtu hajui angesema hiyo itajifia. Lakini upande wa juu wa moto ulikuwa mrefu, unawaka chini chini, na juu yake ni nyasi kavu tu mpaka kwa boma za watu, na boma ya kwanza ni ya Mama Rusina. Ziwa ikigeuka, huo upande wa juu ndio utakuwa kichwa ya moto. Kazi ilikuwa kufyeka laini juu ya moto, kutoka mawe ya kando mpaka korongo, kabla ya bati kuwa nyeusi.

Nikahesabu vile nilifundishwa. Ikanipa ishirini. Watu ishirini, si kumi na tisa, si ishirini na mmoja.

Redio ikalia. Ni Kimani. "Jiwe, unaona nini?"

Mdomo ikataka kusema arobaini. Nikaikamata. Nikaona lori, nikaona fundi wa viatu, nikasikia vicheko. Nikataka siku hiyo niwe mwanaume wa maneno kidogo.

"Kumi na mbili," nikasema.

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili, Bosi. Ni ndogo."

Hiyo "ni ndogo" hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

Kimani kwa upande yake akafanya vile alizoea. Akagawa. Akatuma sita, Mzee Obade mbele. Mimi nilikuwa nimekata kwangu, yeye akakata kwake, na hakuna mtu alimwambia mwenzake.

Saa tatu nikaona kofia zinatoka kwa miti. Nikahesabu sita. Nikajiambia wengine wako nyuma. Saa tatu na nusu bado ni sita. Hapo ningesema. Mdomo ile ilikuwa haifungi tangu nizaliwe, siku hiyo ilifunga. Saa nne kasoro ndio niliita.

"Bosi, watu wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Hawa ni sita. Hii ni kazi kubwa. Tuma wengine, haraka."

Kimani akavuta pumzi, nikasikia kwa redio. "Okelo. Umeanza tena?"

"Bosi, nakuomba."

Nafikiri ni hiyo "nakuomba" ilimshtua, kwa sababu sikuwa mtu wa kuomba. Akasema atatafuta. Lakini lori ilikuwa imeenda kujaza maji, na wale wa Kondele walikuwa wametuchoka. Kutoka barabarani mpaka kwa ile laini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Wale sita walifyeka kama watu kumi. Niliwaona. Mzee Obade alikuwa karibu miaka sitini, na fyekeo yake ilikuwa inapanda na kushuka bila kusimama, na nyuma yake vijana watano wanavuta nyasi kando. Laini ilitoka kwa mawe ikapita nusu, ikapita robo tatu. Kama wangekuwa ishirini wangekuwa wamemaliza wamekaa wanakunywa maji. Saa tano na kitu, nikaangalia ziwa. Huko mwisho, bati ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

"Mzee," nikaita. Yeye pia alikuwa na redio. "Mzee, ziwa imegeuka."

"Nimesikia." Sauti ilikuwa ya mtu anafanya kazi. "Vijana nimewaingiza kwa nyeusi. Wote watano."

"Na wewe?"

"Kuna pengo hapa chini ya Rusina. Kama hatua arobaini. Amekaa kwa mlango na kiti yake, ananiangalia."

"Mzee, wacha! Ingia kwa nyeusi!"

Nikasikia fyekeo inakata, mara tatu, mara nne. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama vile angeniuliza saa ngapi.

"Janyakach. Hii moto uliona ni ya watu wangapi?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi yote mdomo na kichwa zilisema kitu moja.

"Ishirini, Mzee."

Nikasikia fyekeo tena.

"Basi wacha nifanye haraka," akasema.

Hakuita tena. Moto ilisimama, vile inasimama kabla ya kugeuka, moshi ikanyooka juu. Halafu ikapanda. Niliona yote kutoka kwa Jiwe na siwezi kuwaambia ilikuwa na urefu gani. Wengine wangesema. Mimi siwezi.

Pengo ilikuwa imebaki hatua sita. Moto ilipita hapo nyembamba, ikagonga ua wa Mama Rusina, na wale vijana watano walitoka mbio kwa nyeusi wakaizima na matawi. Nyumba ilibaki, mama alibaki. Mzee Obade tulimpata kwa hizo hatua sita. Vile tulimpata sisemi.

Mazishi ilikuja watu wengi. Na watu ni watu. Wengine walisimama na sahani ya wali, wakasema, mzee wa upepo, upepo imemwonyesha. Mke wake, Min Achieng', yaani mama ya Achieng', alikuwa amekaa karibu, alisikia. Ripoti ikaandikwa: marehemu alikosea wakati wa upepo kugeuka. Vijana watano hawakuwa na la kusema. Wao waliambiwa ingia kwa nyeusi wakaingia.

Kimani alinikuta nyuma ya tangi. Macho yalikuwa mekundu.

"Uliniambia kumi na mbili," akasema.

"Na wewe ukatuma sita."

"Si wewe huwa unazidisha?"

"Siku hiyo sikuzidisha."

"Ulikuwa unaona ngapi, Okelo?"

Nikaangalia buti zangu. Zile alinipa Mzee zilikuwa zimeisha kitambo, hizi zilikuwa zingine, lakini niliziangalia hivyo hivyo.

"Usiniambie," Kimani akasema. "Nakuomba, usiniambie." Akaenda. Mwaka iliyofuata aliomba uhamisho, akarudi kwao. Sijamsikia tena, na sikumlaumu hata siku moja. Yeye aligawa kwa sababu mimi nilimfundisha kugawa.

Sasa tuje kwa Achieng'. Alipomaliza shule akaomba kazi kwetu, msichana wa kwanza kwa laini. Mnamjua, anafyeka kuliko nyinyi wote, msikasirike. Nilipoanza kuzeeka nikapewa nimfundishe Jiwe. Nilimfundisha kila kitu, na kila kitu alishika, isipokuwa ziwa. Nikimwonyesha bati anageuza uso. Anaangalia simu, anaangalia zile picha za mawingu.

"Angalia ziwa, nyathina," namwambia. Nilikuwa namwita mtoto wangu. "Baba yako..."

"Baba yangu aliangalia ziwa, Baba Okelo. Tukamzika."

Mimi ndio niko na jibu, na jibu iko tumboni.

Kiangazi hii imepita mliona wenyewe. Joto ilikuwa ya kuchemsha maji kwa mtungi. Achieng' kwa Jiwe, nyinyi kwa laini chini ya ile shule ndogo, na saa tatu na nusu akaogopa upepo, akawaita wote mtoke, mwingie kwa nyeusi. Ziwa ilikuwa nyeupe kabisa. Mlikuwa na masaa mawili ya kufyeka. Mkakaa kwa nyeusi mkiangalia, moto ikafika polepole tu, kwa miguu, ikala nyumba mbili na zizi na mbuzi ndani. Yule baba wa nyumba alikuwa anawauliza, "Kwani mnangoja nini?" Na nyinyi mkaangalia juu kwa Jiwe, na Achieng' akaangalia mikono yake.

Hapo ndio niliona moto ile ya zamani bado inaungua. Nilikuwa nimemnyang'anya huyu msichana macho ya baba yake. Kiangazi ijayo itakuwa mtu, si mbuzi.

Siku yangu ya mwisho mliniletea keki na soda. Kabla ya hiyo keki nilipanda kwa Jiwe. Achieng' alikuwa peke yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kutafuta mahali ya kucheka. Nilimwambia ishirini, kumi na mbili, sita. Nilimwambia ile "ni ndogo." Nilimwambia nilimwita ziwa ilipogeuka, akasikia, akaingiza vijana kwa nyeusi kwa wakati yake, na alibaki kwa sababu ya pengo, akijua.

Achieng' hakulia.

"Ziwa ilisema saa ngapi?"

"Saa tano na kitu. Upepo ikafika baada ya ule muda ya kuchemsha chai, vile alisema."

"Kwa hivyo ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa."

Akapangusa redio na mkono wa shati. "Mama yuko nyumbani," akasema. "Nenda umwambie. Na ufike kabla mimi nitoke shifti, kwa sababu mimi nikimwambia nitasema vibaya." Hakuniita Baba. Mpaka leo hajaniita tena, ananiita Mzee tu. Lakini mnasema saa tano siku hizi anaangalia maji, na hiyo inanitosha.

Nikashuka. Keki mlikula bila mimi.

Min Achieng' alikuwa uani, anachagua samaki za omena kwa ungo, anatoa mawe na vipande vya magugu. Akanivutia kiti. Akauliza nimekula. Nikasema Min Achieng', wacha nisile kwanza. Nikamwambia yote. Alikuwa anachagua tu, vidole vinaenda, mpaka nikafika kwa redio ya mwisho. Hapo vidole vikasimama.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza ni ya watu wangapi."

"Na ukamwambia ukweli."

"Nikamwambia."

"Akasema nini? Sema vile alisema. Usiongeze."

"Alisema, basi wacha nifanye haraka."

Min Achieng' akaweka ungo chini. Akacheka, mara moja, kidogo, mkono kwa mdomo. "Huyo ni yeye," akasema. "Huyo ni yeye kabisa. Hata harusi yetu alifanya haraka." Halafu machozi ikateremka na hakuipangusa. Nikangoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa, hata kofia nilikuwa nimeishika.

"Hawa watu wamenicheka miaka yote, Okelo," akasema. "Nikienda kuchota maji. Nikitoka kanisani. Mke wa mzee wa upepo." Akasimama, akajifunga leso vizuri. "Kaa hapo."

Akaenda kwa ua akaita jirani kwa jina. Yule mama akaja na unga kwa mikono. Min Achieng' akanionyesha na kidevu. "Sema."

Nikasema. Ishirini, kumi na mbili, sita. Mama akashika kichwa. Min Achieng' akamwambia akae, akaita mwingine. Nikasema tena, kutoka mwanzo. Akaita wa tatu, na bwana yake. Nilitafuta kwa kichwa yangu yote kitu kimoja cha kufanya iwe rahisi, sikupata. Kila mara ilikuwa ni hayo hayo maneno, na kila mara ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza.

Wa mwisho alikuwa mzee wa boma ya juu, wajukuu wakamleta wamemshika mkono, wakamketisha mbele yangu. Nikaanza. Akainama, akaweka mkono kwa sikio, akatikisa kichwa.

"Huyo hasikii," Min Achieng' akaniambia. "Sema kwa nguvu."

Nikasimama. Nikasema kwa nguvu, mpaka ng'ombe wakainua vichwa, na watu wa ng'ambo ya korongo wakatoka nje ya nyumba zao kuangalia.